Jinsi ya Kuchagua Vipuri vya Klachi, Giaboksi, Propela na Difu kwa Pikapu Kuukuu ya 4x4

Maswali ya wanaoanza hufanana: difu ya Hilux ni bei gani, giaboksi ya Land Cruiser itaingia kwenye pikapu yangu, kros (kiungo cha msalaba cha propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) nzuri ni ya kampuni gani, na je, ninunue mpya au eksi-Japani (iliyotumika, kutoka Japani)? Hayajibiki kwa namna hiyo, kwa sababu jina la gari halimtoshi muuzaji kujua kipuri unachokitaka. Hilux zilizouzwa kwa jina moja zilitoka kiwandani na difu za uwiano mbalimbali (idadi ya mizunguko ya propela kwa mzunguko mmoja wa magurudumu), Land Cruiser za mfululizo wa 70 zimetengenezwa tangu 1984 zikibadilishwa ndani mara nyingi, na pikapu yenye umri wa miaka 25 au 30, iliyopitia mikononi mwa wenyewe wengi hapa Nairobi huenda ina giaboksi ya gari jingine na difu ya gari la tatu. Kadi ya gari haitakuambia lolote kuhusu hayo.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kutambua ulicho nacho, kukipima, na kununua kinachofaa bila kurudi dukani mara tatu. Haufundishi kufungua giaboksi wala kupanga meno ya difu, kwa maana kazi hizo ni za fundi mwenye vifaa vyake. Mifano mingi ni ya Hilux LN106, Land Cruiser HZJ75 na HZJ79, na Land Rover Defender, lakini njia yenyewe inafaa kwa pikapu yoyote ya aina hiyo.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

- Jeki imara, stendi mbili za chuma, na vipande vya mbao nene au mawe ya kuzuia magurudumu.
- Spana ya 24, ambayo hufungua plagi nyingi za mafuta kwenye difu na giaboksi za Toyota za zama hizo. Kwa difu za Land Rover, tafuta rachi yenye ncha ya mraba ya nusu inchi.
- Vernia, hata ya bei nafuu, pamoja na futi ya chuma na chaki.
- Beseni safi, sumaku ndogo, brashi ya waya, mafuta ya taa na matambara.
- Daftari, na simu yenye kamera.
- Fedha za ziada kwa ajili ya sili, gasketi, beringi na mafuta. Mwenye kupanga bei ya kipuri kikubwa peke yake hujikuta akirudisha sili kuukuu, na kazi yote huharibika kwa kitu kidogo.

Hatua ya 1: Soma kibati cha gari, lakini usikiamini peke yake

Kwenye Toyota, fungua boneti utafute kibati cha chuma, aghalabu kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini. Kipige picha. Herufi za mwanzo za modeli ni za injini: HZJ75 ilizaliwa na injini ya 1HZ, na LN106 ilizaliwa na injini ya familia ya L. Mstari ulioandikwa TRANS/AXLE ndio muhimu zaidi kwako, kwa kuwa una msimbo wa giaboksi, kama vile H55F, na msimbo wa ekseli, ambao herufi yake ya kwanza huonyesha ukubwa wa krauni (gia kubwa ya difu) na tarakimu zinazofuata huonyesha uwiano wa meno. Muuzaji mwenye katalogi ya Toyota anaweza kuufasiri msimbo huo mara moja.

Sasa linganisha kibati na gari lenyewe. Je, namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku ni ya familia ileile? Ikiwa injini ilibadilishwa, klachi hufuata flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) na giaboksi zilizopo leo, wala haifuati kibati. Hesabu pia nati za gurudumu. Mfululizo wa 70 ulibadilishwa sana 1999, ambapo magurudumu yalitoka nati sita hadi tano, springi za mbele za majani zikaondolewa na kuwekwa za koili, na difu ya mbele ikawa ndogo, ya inchi 8, yenye pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni) iliyokaa juu. Mwenye HZJ75 anayenunua difu ya mbele ya HZJ79, ya baada ya mabadiliko hayo, kwa kuwa zote mbili ni "sabini" amenunua kitu kisichoingia.

Kwenye Defender kuna mitego mingine. Giaboksi ya LT77 ilipokewa na R380 mwaka 1994, na karibu na wakati huohuo hafu shafti (shafti za kutoka difu hadi gurudumu) za ekseli ya Rover zilitoka splaini (meno ya mwisho wa shafti) 10 hadi 24. Transfa (kasha linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma) ya LT230 ya Defender kwa kawaida ina uwiano wa 1.41 kwenye gia za High, ilhali ile ya Discovery ina 1.22, na kwa nje hazitofautiani. Defender nyingi zimewekewa ya Discovery ili injini itulie barabarani, jambo ambalo si baya kwa anayesafiri lami, lakini gari hilohilo likibebeshwa mzigo kupanda mlima litalalamika, na mwenye gari atadhani klachi imekwisha.

Hatua ya 2: Hakikisha uwiano wa difu kwa mkono

Hatua hii ndiyo ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo huvunja transfa.

Egesha gari mahali tambarare na pagumu. Zuia magurudumu matatu, mbele na nyuma ya kila moja, kisha inua gurudumu moja la nyuma na uliweke juu ya stendi. Giaboksi iwe huru, 4x4 iwe imetolewa, na kwenye Land Rover kufuli ya difu ya kati iwe imefunguliwa. Achia breki ya mkono, kwa kuwa ya Toyota hushika magurudumu ya nyuma na ya Land Rover hushika propela. Ndiyo sababu mawe ya kuzuia yana umuhimu kuliko kitu kingine chochote kwenye hatua hii: breki haishiki tena, na usiingize mwili wako chini ya gari linaloshikwa na jeki tu.

Weka alama ya chaki kwenye gurudumu na nyingine kwenye flanji ya propela (sahani yake ya bolti). Zungusha gurudumu mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa gurudumu la upande wa pili limesimama, mizunguko 20 ya gurudumu moja ni sawa na mizunguko 10 ya krauni, kwa hiyo hesabu utakayopata igawanye kwa 10. Propela ikizunguka mara 41, uwiano ni 4.10. Ikizunguka mara 39, ni 3.90. Ikizunguka mara 43, ni 4.30. Ikifika 45 na nusu hivi, ni 4.56, yaani meno 41 kwa 9. Kwenye Defender ya kawaida utapata 35 na ziada kidogo, ambayo ni 3.54, yaani meno 46 kwa 13. Gurudumu likikataa kuzunguka peke yake, huenda difu ina kufuli au ni ya kuzuia mteleza, na hapo utalazimika kuinua magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo na kuyazungusha pamoja mara 10 tu.

Rudia kwa ekseli ya mbele, habu (vitovu vya magurudumu) zikiwa zimefungwa. Andika namba zote mbili.

Onyo: difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Kwenye gari ambalo 4x4 yake huunganisha ekseli mbili moja kwa moja, difu ya 3.90 nyuma na 4.30 mbele zitavutana kwa zaidi ya asilimia 10 kila unapoendesha. Kwenye matope meusi ya Athi magurudumu yatateleza na kuficha kosa hilo kwa muda, lakini kwenye murram kavu kitu kitavunjika, na mara nyingi huwa ni mnyororo au gia za transfa. Tofauti ya 4.10 na 4.11 haina madhara, kwa kuwa haifiki hata theluthi moja ya asilimia, nayo hupatikana kwenye magari yaliyotoka kiwandani hivyo. Matairi ya ukubwa tofauti mbele na nyuma huleta shida ileile, kwa hiyo yaangalie kabla ya kuilaumu difu.

Jambo jingine: ukiamua kubadilisha uwiano wa difu zote mbili, mita ya mwendo itadanganya. Kutoka 3.90 hadi 4.30, itasoma juu kwa asilimia 10 hivi.

Hatua ya 3: Jua kilichokufa kabla ya kununua cha kukirithi

Fungua plagi ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Hili ni onyo dogo lenye faida kubwa, kwa sababu plagi ya kujazia ikiwa imeshikana na kutu na mafuta yameshamwagika, gari halitoki hapo.

Mwaga mafuta ya difu, giaboksi na transfa, kila moja kwenye beseni lake, uyaangalie kwenye mwanga wa jua. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya plagi ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida, na hapo difu lazima ifunguliwe hata kama bado inatembea. Mafuta yenye rangi ya maziwa yameingiliwa na maji, jambo la kawaida kwa gari linalovuka laga (mto wa msimu) wakati wa mvua. Chembe za rangi ya shaba kwenye mafuta ya giaboksi hutoka kwenye pete za sinkro (zinazolainisha kuingia kwa gia).

Kisha sikiliza. Kishindo kimoja unapoachia klachi au unapobadili kutoka gia ya nyuma kwenda mbele hutokana mara nyingi na kros iliyolegea au splaini za propela zilizokwisha. Mlio wa kuimba unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta hutoka kwenye krauni na pinioni au beringi ya pinioni. Ngurumo isiyobadilika kwa mafuta lakini inayobadilika ukikata kona ni ya beringi ya gurudumu. Wengi hununua difu nzima kumbe tatizo lilikuwa beringi ya habu, kwa hiyo inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Hatua ya 4: Pima kipuri chenyewe

Kipuri kinapotolewa, kioshe kwa mafuta ya taa na ukipime kabla hujakipeleka popote.

Klachi ina vipimo viwili visivyotegemeana. Kipenyo cha pleti hufuata flaiwili na presha pleti (inayoibana pleti kwenye flaiwili), lakini idadi ya splaini hufuata shafti ya giaboksi. Kwa hiyo pima kipenyo cha nje, hesabu splaini, na upime kipenyo cha tundu la splaini. Pleti mbili zinazolingana kwa macho zinaweza kutofautiana kwa milimita 10, na presha pleti isiyolingana nayo haitaikamata sawasawa. Ikiwa gari limebadilishwa injini au giaboksi, usiagize klachi kabla giaboksi haijashushwa, hata fundi akikuhimiza namna gani.

Kros hupimwa kwa kipenyo cha kikombe, kwa urefu kutoka mgongo wa kikombe kimoja hadi mgongo wa kile cha mkabala wake, na kwa mahali sirklipu (pete za kushikilia vikombe) zinapokaa: ndani ya uma au nje. Ukikosa kimoja kati ya hivi vitatu, utanunua kros isiyoingia. Pima pande zote mbili za msalaba, kwa sababu kuna kros zenye vikombe vya ukubwa tofauti kwenye gari lililounganishiwa propela ya gari jingine. Kabla ya kuondoa propela, chora mstari wa rangi kwenye sehemu mbili zinazoteleza, kwani uma za pande mbili lazima zirudi zikiwa kwenye mstari mmoja. Flanji nazo zipimwe umbali wa tundu hadi tundu. Toyota ina flanji za bolti nne zinazotofautiana kwa milimita chache tu, na zote huonekana zinafaa mpaka bolti ya mwisho ikatae kuingia.

Beringi hujieleza zenyewe. Namba iliyochongwa ubavuni ndiyo utakayonunulia. Beringi za gololi za kawaida zina utaratibu unaofaa kuukariri: tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu, kwa hiyo 6306 ina tundu la milimita 30, nayo nje ni 72 na unene ni 19. Kanuni hii huanza kufanya kazi kuanzia 04. Herufi zinazofuata namba si mapambo: 2RS ina vifuniko vya mpira pande zote mbili, ZZ ina vya chuma, na C3 ina nafasi zaidi ndani, kwa hiyo usikubali beringi isiyo na C3 mahali palipokuwa na C3. Beringi za koni zenye namba zinazoanza na LM huwa na sehemu mbili zenye namba tofauti, kwa mfano koni LM603049 na kikombe LM603011. Nunua zote mbili, wala usiweke koni mpya kwenye kikombe kilicholiwa.

Sili huandikwa vipimo vitatu. Ikisomeka 38 74 11, tundu ni milimita 38, nje ni 74 na unene ni 11. Ila usipime sili tu. Pitisha ukucha kwenye shafti pale midomo ya sili inaposugua: ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja ndani ya wiki chache, na kinachotakiwa ni flanji mpya, au sili ikae mbele au nyuma kidogo ya mfereji huo.

Hafu shafti pima urefu wote, hesabu splaini za pande zote mbili, na uandike ni ya kulia au ya kushoto. Zinatofautiana urefu kwenye ekseli nyingi.

Namba za Toyota zina makundi, nayo husaidia kutambua boksi usilolijua. Zinazoanza na 31250 ni pleti za klachi, 31210 ni presha pleti, 31230 ni rilizi beringi (inayosukuma klachi iachie), 04371 ni kros, 41201 ni seti ya krauni na pinioni, na 90311 ni sili. Ukipewa boksi la "pleti ya klachi" lenye namba inayoanza na 31210, muuzaji amechanganya.

Hatua ya 5: Amua daraja la kila kipuri

Hapa watu hubishana bila mwisho, na kosa lao ni kutafuta jibu moja kwa gari zima. Kila kipuri kina jibu lake.

Vitu vinavyosuguliwa hadi viishe vinunuliwe vipya daima: pleti ya klachi, rilizi beringi, beringi zote, sili zote, kros. Hakuna maana ya kununua klachi ya eksi-Japani hata kama inaonekana nene, kwa kuwa hujui ilivyochomwa. Kwa vipuri hivi, kampuni zinazotengenezea viwanda vya magari zinatosha kabisa na mara nyingi ni nafuu kuliko boksi lenye nembo ya gari: Aisin na Exedy kwa klachi, Koyo, NSK, NTN na Nachi kwa beringi za Kijapani, Timken na SKF kwa beringi za magurudumu, NOK kwa sili. Land Rover nazo zina klachi za Valeo.

Krauni na pinioni ni habari nyingine. Seti mpya ya bei rahisi isiyo na jina huniogopesha kuliko difu kamili ya eksi-Japani iliyokaguliwa vizuri, kwa sababu difu kamili ilipangwa kiwandani na meno yake yameshazoeana. Seti mpya, hata iwe bora, inategemea mikono ya fundi: kina cha pinioni, mkazo wa beringi, na mchezo wa meno ambao kwenye difu za namna hii huwa kati ya milimita 0.13 na 0.20. Kama fundi wako hana saa ya kupimia mchezo huo, usimpe seti mpya. Hafu shafti, kasha la difu na propela nzima vinaweza kununuliwa vilivyotumika bila hofu, mradi vipimo vinalingana na chuma hakijapinda wala kuchomelewa.

Giaboksi kamili iliyotumika ni bahati nasibu yenye kanuni, na kanuni zake ziko kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 6: Nenda dukani na namba mkononi

Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, ina maduka ya vipuri vipya na vilivyotumika yaliyopangana, na Industrial Area ina wauzaji wakubwa na mawakala wa kampuni za beringi na klachi. Anza na mawakala kwa bei za kulinganisha, kisha ushuke Kirinyaga ukijua bei ya haki. Mabroka watakuandama barabarani wakikuuliza unatafuta nini. Ukimpa mmoja jina la kipuri, atakupeleka dukani na bei itapanda kumlipa. Jibu kwa upole kwamba umeshapata, uendelee kutembea.

Ukifika kaunta, sema hivi: "Ninatafuta kros, kikombe milimita 29, urefu 76, sirklipu za ndani," ukitaja vipimo vyako mwenyewe, badala ya "kros ya Hilux". Beba kipuri kuukuu, lakini usikiache kama sampuli, maana kikipotea umepoteza kipimo chako pekee. Soma tangazo lililobandikwa ukutani. Duka lililoandika kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi linamaanisha hivyo, kwa hiyo pima pale pale kaunta kabla ya kulipa. Dai risiti yenye namba ya kipuri, na ulipe kwa M-Pesa kwenye till yenye jina la duka. Risiti hukulinda pia kwa kipuri kilichotumika, kwani kupatikana na mali ya wizi ni kosa.

Bandia nyingi hujifichua kwenye maandishi. Linganisha namba iliyo kwenye boksi na ile iliyochongwa kwenye chuma, angalia kama herufi zimechongwa kwa usawa au zimepigwa rangi juu tu, na uzungushe beringi mkononi: nzuri huzunguka kimya na kwa uzito wa mafuta. Bei iliyo nusu ya ile ya wakala kwa boksi la nembo ileile imeshajieleza.

Hatua ya 7: Kagua cha eksi-Japani kana kwamba hakitarudi

Difu kamili: omba izungushwe kwa mkono mzunguko mzima wa krauni, ukisikiliza mahali panapokwama. Hesabu meno ya krauni na pinioni mwenyewe, ugawanye, na ulinganishe na namba yako ya hatua ya 2. Tafuta meno yenye vishimo au rangi ya bluu, ambayo ni dalili ya joto. Tikisa flanji ya pinioni juu na chini: haitakiwi kucheza hata kidogo. Kutu ya machungwa juu ya meno maana yake difu ilikaa wazi mvuani, na hata ikisuguliwa ikang'aa, beringi zake zimeshakwisha.

Angalia pia kama ni difu ya mbele au ya nyuma. Difu ya mbele yenye pinioni ya juu, kama ya Land Cruiser 80 au ya 70 baada ya 1999, meno yake yamekatwa kinyume na ya nyuma. Haitumiki nyuma, na seti ya meno ya nyuma haiingii ndani yake.

Giaboksi: ingiza kila gia kwa mkono huku ukizungusha shafti ya kuingilia, na uhakikishe kila moja inaingia na kutoka bila kulazimishwa. Vuta shafti mbele na nyuma. Hesabu splaini. Linganisha mpangilio wa tundu za bolti upande wa injini, kwa maana giaboksi ya jina moja hupatikana na kengele (kasha la kuifunga kwenye injini) tofauti kwa injini tofauti. Mwisho, angalia mkia wake. Giaboksi ya gari la magurudumu mawili ina mkia mrefu wa kupokea propela na haina mahali pa kufunga transfa. Muuzaji anaposema "mkia tutabadilisha tu", muulize atabadilisha na nini, na kwa bei ya nani.

Omba majaribio ya siku kadhaa, na yaandikwe kwenye risiti.

Hatua ya 8: Nunua vinavyoandamana kwa safari moja

Klachi hununuliwa kwa seti: pleti, presha pleti, rilizi beringi na paileti beringi ya kati (inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi). Flaiwili ipelekwe kwa fundi wa leithi ikachongwe, kwani pleti mpya juu ya flaiwili yenye mawimbi itatetemeka tangu siku ya kwanza. Difu huandamana na sili ya pinioni, nati mpya ya pinioni, gasketi, na kile kibushi kinachobinyika kati ya beringi za pinioni ikiwa difu yako inacho. Kibushi hicho hutumika mara moja tu. Habu za mbele za ekseli ngumu huandamana na seti ya sili za nakoli (kiungo kinachogeuza gurudumu la mbele), ambayo kwa Toyota huuzwa kwa namba zinazoanza na 04434.

Mafuta yafuate kitabu cha gari. Difu zenye meno ya mshazari zinahitaji GL-5, kwa kawaida 80W-90. Giaboksi nyingi za zamani zenye pete za sinkro za shaba hupendelea GL-4, kwa sababu dawa za baadhi ya mafuta ya GL-5 hushambulia shaba. Fundi mwenye ndoo moja ya mafuta kwa kila kitu mwambie akuwekee kando, ununue yako.

Hatua ya 9: Linganisha kabla ya kufunga

Laza kipuri kuukuu na kipya sambamba juu ya karatasi. Telezesha pleti mpya kwenye shafti ya giaboksi: iteleze bila kulazimishwa na bila kucheza. Ingiza kikombe cha kros kwa mkono mpaka mahali kinapoanza kukaza. Kipuri kisicholingana kisigongwe kwa nyundo. Dakika hizi kumi ndizo nafasi ya mwisho ya kurudisha kitu kikiwa bado safi.

Matatizo yanayojitokeza baada ya kufunga

*Difu mpya inaimba ukikanyaga mafuta.* Pinioni haijakaa kwenye kina chake. Fundi apake rangi kwenye meno, azungushe, na aangalie alama inakaa wapi: inatakiwa katikati ya jino. Usiendelee kuendesha ukitumaini itanyamaza, kwa maana meno yanayosagana vibaya hujitengenezea sura yao.

*Gari linatetemeka kuanzia kilomita 60 kwa saa.* Angalia kwanza kama uma za propela zimerudi kwenye mstari wake, kisha kros iliyokaza upande mmoja, kisha senta beringi kwa gari lenye propela ya vipande viwili. Gari lililoinuliwa springi huhitaji pembe ya propela kusahihishwa, na kros mpya peke yake haitaponya.

*Gia zinakwaruza ukiingiza, hasa ya kurudi nyuma.* Klachi haiachi kabisa. Toa hewa kwenye mfumo wa mafuta ya klachi, hakikisha pedali ina mwendo wake wote, na kama bado, huenda pleti imewekwa kinyume, upande wa springi ukielekea mahali pasipo pake.

*4x4 inaingia lakini inakataa kutoka.* Kwanza rudi nyuma mita chache kwenye mstari ulionyooka ili mkazo uachie. Ikijirudia kila mara, pima upya uwiano na matairi kama kwenye hatua ya 2. Lever isivutwe kwa nguvu.

*Sili mpya imevuja tena.* Kabla ya kununua ya tatu, tafuta tundu la kupumulia juu ya ekseli au giaboksi. Likizibwa na matope, mafuta yakipata joto hewa haina pa kutokea, na hupita kwenye sili. Likung'ute, lipulize, na kwa gari linalovuka maji livutie mpira hadi juu ya boneti.

*Klachi inateleza kwenye mlima ingawa ni mpya.* Tafuta mafuta kwenye kengele ya giaboksi. Sili ya nyuma ya injini au ya shafti ya kuingilia ikivuja, pleti imeshalowa, nayo haisafishiki. Badilisha sili, kisha ununue pleti nyingine.